Chembe Elfu Kumi na Nane

Kwa mujibu wa mashine ya maabara, nilitakiwa niwe navuja damu puani na kwenye fizi. Mimi nilikuwa benchi la nje, mzima kabisa, natafuna karanga.

Nilikuja kupimwa ili nimpe kaka yangu figo.

"Chembe zako za kugandisha damu ni elfu kumi na nane," daktari akasema. "Kawaida zinaanzia laki moja na nusu. Tukikupasua hivi, hutoki hai."

Tukarudia wiki iliyofuata. Elfu kumi na tano.

Nyumbani pakawaka moto.

Wifi, mke wa kaka, hakunificha. "Umemwambia daktari aandike hivyo?"

"Wifi, niape mara ngapi?"

Kaka miguu imemvimba, anatazama ukuta tu. Hilo lilinimaliza. Usingizi ukapotea.

Siku moja, nikikata vitunguu, nikajikata kidole. Damu ikakoma kabla sijapata kitambaa.

Nikakosa amani. Elfu kumi na tano gani hizi?

Nikaenda maabara bila kumwambia mtu. Mama mmoja mpimaji wa pale akanisikiliza, akakitazama kidole, akauliza, "Damu yako waliiweka kwenye kichupa cha kifuniko cha rangi gani?"

"Cha zambarau. Mara zote mbili."

"Kaa hapo."

Akanitoa damu vichupa viwili, cha zambarau na cha bluu. Nikawa nazunguka koridoni kama kuku anayetaka kutaga.

Akaniita. "Dawa iliyomo kwenye cha zambarau, kwa watu wachache kama wewe, inafanya hizi chembe zishikane mafungu. Mashine haiwezi kuzihesabu. Cha bluu kina dawa nyingine. Humo una laki mbili na elfu arobaini."

Nikalia. Akadhani ni furaha.

Ukweli ni huu, na wifi akisoma anisamehe: daktari aliposema elfu kumi na nane, nilishusha pumzi. Nilikiogopa kile kisu vibaya mno.

Na sasa karatasi ya majibu ilikuwa mkononi mwangu peke yangu. Ningeichana, nani nyumbani angejua?

Nilizunguka jengo mara tatu. Kisha nikampigia kaka. "Tupange tarehe."

Ni mwezi wa nane huu tangu tupasuliwe. Kaka anakojoa vizuri, na kila mgeni lazima atangaziwe.

Majibu yakikushangaza, uliza damu iliwekwa kichupa gani. Na majibu mabaya yakikufurahisha, hayo ndiyo ya kurudia kwanza.