Nilivyofunga safari hadi Bunda kumwambia dada yangu arudishe jina la binti yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana yalivyo tu yananitia aibu ya kutosha.

Mimi ni fundi pikipiki, nakaa Mwisenge, Musoma. Mwaka juzi nilimpoteza binti yangu wa kwanza, Nyangeta. Miaka minane. Malaria ilimpanda kichwani, siku nne tu. Hizo siku nne sitaki kuzisimulia.

Niwaambie alivyokuwa. Nipo kwaya, naimba besi, na binafsi najiona naimba vizuri. Nyangeta hakukubaliana na hilo tangu akiwa mchanga. Nikianza tu analia machozi halisi mpaka ninyamaze. Mama yake alikuwa anasema huyo ndiye mkweli pekee humu ndani.

Baada ya msiba watu wakaacha kuniita Baba Nyangeta. Walinionea huruma. Dada anayeniuzia dagaa na mboga alikuwa anaanza, "Shikamoo Baba Nya...", halafu anashtuka, anageuza, "nyanya leo huchukui?"

Nilikula nyanya nyingi sana mwaka ule.

Hata nyumbani jina lilifungiwa. Mimi na mke wangu tukawa tunasema "yule".

Sasa dada yangu mdogo, Neema, anakaa Nyasura, Bunda. Akajifungua mtoto wa kike, akanipigia.

"Kaka, tumemuita Nyangeta."

Kwetu ni kawaida kabisa, marehemu anarithiwa jina ili asipotee. Mimi mwenyewe nimerithi la babu, na bibi alikuwa ananiita mume wangu mpaka anakufa. Lakini siku hiyo nilikata simu. Niliona nimeibiwa.

Miezi mitatu sikwenda kumuona mtoto. Nikiulizwa, kazi zimebana.

Jumamosi moja nikawasha pikipiki hadi Nyasura. Njia nzima napanga hotuba, hoja tatu, ya mwisho kali kuliko zote. Nilipofika nikakataa hadi chai, wajue niko serious.

Nikatoa hoja ya kwanza. Kabla sijafika ya pili, Neema akaniwekea mtoto mapajani. "Mshike kidogo, ugali unaungua." Akaondoka zake.

Nikabaki na hoja mbili na mtoto.

Mtoto akaanza kulia. Ungefanyaje? Nikamuimbia.

Wakuu, kile kilio nilikuwa nakijua. Nikanyamaza, akanyamaza. Nikajaribu ubeti wa pili kwa sauti ya chini, kwa ajili ya utafiti tu. Akaangua tena. Nikanyamaza, naye kimya, ananitazama kama mwalimu anayesubiri umalize ujinga wako.

Neema akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Si unaona? Huyo hakupendagi uimbe toka zamani."

Najua, watoto wengi wanaogopa sauti nzito. Msinifundishe hapo chini. Ila nililia mbele ya mdogo wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuzike, maana siku ya msiba nilijifanya bize kupanga viti.

Nikasema, "Nyamaza, Nyangeta."

Mtoto alishanyamaza muda mrefu. Aliyekuwa analia ni mimi.

Hoja ya pili na ya tatu sijazitoa mpaka leo. Nilikula ugali kwa sato, nikaongezewa, nikarudi Musoma na kumwambia mke wangu, "Nyangeta anakusalimia." Aliniangalia sana. Kisha akakaa chini, akataka nimueleze yote, hasa pale pa kuimba. Alicheka mpaka akalia, au ilikuwa kinyume chake.

Jumatatu nikaenda kwa dada wa dagaa.

"Shikamoo Baba Nya..."

Nikamwambia, "Malizia tu, dada."

Akamalizia. Nyanya sikununua.

Nilichojifunza: nilidhani nikilifungia jina nimemtunza mwanangu, kumbe nilikuwa namnyima hata kutajwa. Maumivu hayajaisha, mtu asiwadanganye. Ila sasa hivi nyumbani tunamsema, na kuna siku tunabishana kabisa nani alimdekeza.

Na ukiwa jirani wa mfiwa, usiogope kulitaja jina. Hutamkumbusha, hajasahau.

Kama kuna mzazi humu ambaye mwanawe ametangulia, aandike jina lake hapo chini tumtaje. Wale wa kwaya mnaotaka kunicheka, tutaongea siku nyingine.

Naanza mimi. Wangu anaitwa Nyangeta.