Ndizi za Mama Mkwe Juu ya Mayai Yangu

Mume wangu Dastan ni mwalimu wa hisabati hapa Nyakasimbi. Ukimuuliza ile mashine yake ya kutotolesha vifaranga ina joto kiasi gani, hajibu kama watu wengine.

"Sijui, Benadeta," anasema, "lakini halitoki nje ya mipaka."

Hajui, halafu ana uhakika! Umeme uyumbe, baridi ishuke, mtu afungue mlango, yeye hana haja ya kujua lini wala kwa kiasi gani hasa. Eti ameshakadiria ubaya wote unaowezekana, akathibitisha kwamba joto likianzia ndani ya mipaka litabaki humo humo. Makaratasi yamejaa meza nzima, mimi nakula nimepakata sahani.

Nilimvumilia kwa sababu kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimefagia kuku wangu wote. Mayai yale ndiyo mbegu pekee iliyobaki ya kuku alioniachia marehemu mama yangu.

Siku tatu za mwisho akakataza mtu yeyote kufungua. Siku ya kutotolewa ikafika, kimya. Kioo cha mashine kilionyesha joto safi kabisa.

"Unaona? Halijatoka," akatamba.

Uzalendo ukanishinda, nikafungua. Juu ya mayai kulikuwa na vichane vya ndizi, vimefunikwa kwa majani mabichi ya mgomba yaliyolowa maji. Kipimajoto kilikuwa kimezikwa humo kwenye ubaridi, na taa za kupasha joto chini ya mayai, kwa kudanganywa nacho, ziliwaka bila kupumzika. Nikavunja yai moja. Kifaranga kilikuwa kimekamilika mpaka kucha, kimekufa kwa joto.

Mama mkwe, Kokubanza, akaingia bila wasiwasi.

"Mvua imejaza shimo langu la kuivishia ndizi, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya harusi ya mpwa wangu Mugisha haingoji. Mlipokwenda kanisani nikaona kwenu kuna joto la bure." Akaminya ndizi moja. "Tena zimeiva vizuri!"

Ningefanya nini? Mama mkwe hafokewi. Nilimgeukia mwanawe.

"Hesabu haikukosea," Dastan alinong'ona. "Ila mama sikumweka humo."

"Na kuku wa mama yangu mimi nitawapata wapi tena?"

"Sijui."

Nikaisubiri ile "lakini" yake. Haikuja.