Ndoana Moja Mtoni Turkwel

Mbuzi wa baba walipokufa wote kwa ukame, alitoka upande wa Lokori akaja kwangu Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, na fimbo, kigoda na shuka moja. Aliketi kwenye kivuli cha nyumba akautazama ukuta. Mimi nilikuwa na watoto wawili na mume aliyekwenda Kitale kutafuta kazi, ambaye simu yake ilikuwa haipatikani tena. Siku nyingi tulikunywa chai ya rangi asubuhi, jioni tukaipasha moto tukainywa tena.

Nilikuwa mtoni nikifua nguo za watu nilipomwona mwanamke wa Kikongo akivuta kambare mrefu kama mkono wangu. Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kumuuguza dada yake aliyelazwa hapa Lodwar, na alivua ili mgonjwa apate mchuzi. Niliziacha nguo kwenye jiwe nikamwendea. Hata salamu nilisahau.

"Mama, nifundishe."

Alinitazama. "Watu wa hapa munakulaka samaki?"

"Watoto wangu watakula."

Alinikatia kipande cha mshipi wake, akanipa ndoana moja. Kwa uzito tulifunga nati ya pikipiki, na kwa boya kipande cha ndala iliyochakaa. Chambo kilikuwa utumbo wa mbuzi kutoka machinjioni, na siku ukikosekana, kipande cha sabuni ya kufulia, kwa sababu kambare hufuata harufu yake. Akanionyesha pa kutupa. Si katikati yanakokimbia maji, bali chini ya ukingo uliolika, kwenye mizizi ya miti ya mathenge, ambako kuna kina na samaki hukimbilia kujificha jua. Nitupe upande wa juu kidogo, mkondo ukipeleke chambo wenyewe. Kivuli changu kisianguke majini.

"Akigusa, usivute," alisema. "Kambare anaonjaka kwanza. Ngoja mushipi utembee. Ukitembea, vuta."

Sikuweza kungoja. Mshipi ukitikisika kidogo tu kidoleni, moyo uliruka nami nikavuta, ndoana ikaja tupu. Nilirudi nyumbani mikono mitupu siku baada ya siku, watoto wakinitazama mikononi kabla ya usoni. Siku moja nililia palepale ukingoni, kwa sauti, na yule mama hakunibembeleza. Aliushika mkono wangu, akaubana juu ya goti langu mpaka mshipi ulipoanza kutembea kweli. "Sasa."

Kambare yule hakuwa mkubwa. Nilimchemsha na chumvi tu. Watoto walikula mpaka wakanyonya miiba. Nilimpelekea baba bakuli lake, akaligeuzia mgongo.

"Hicho ni chakula cha mtu asiye na mifugo," alisema.

"Baba, huna mifugo."

Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Akajifunika shuka uso mzima.

Mto ulizidi kupungua, ukabaki madimbwi. Yule mama alirudi Kakuma bila dada yake, aliyefia hospitalini. Nilimsindikiza hadi stendi. Baada ya hapo nilivua peke yangu, na baba akaanza kunifuata. Alisimama mbali juu ya ukingo, fimbo mabegani, kana kwamba anachunga.

Ndipo ndoana ikanasa kwenye mizizi. Nilivuta kushoto, nikavuta kulia, nikalegeza mshipi ili uteleze wenyewe. Haikutoka. Nyumbani hapakuwa na kitu ila mchuzi kidogo wa jana. Niliingia majini na nguo zangu, nikiufuata mshipi kwa mkono, mpaka maji yakanifika kifuani, na miguu ikaanza kuzama kwenye tope. Sijui kuogelea.

"Rudi!" baba alipiga kelele.

"Ni hiyo moja tu, Baba!"

"Nimesema rudi! Hao watoto nitawalisha nini mimi?"

Aliteremka, akaninyooshea fimbo, nikaishika. Mzee alikuwa hana nguvu. Aliponivuta, mshipi niliokuwa nimeuzungushia mkononi ulikatika. Tuliketi kwenye mchanga, tumelowa, bila samaki, bila ndoana, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona akilia.

Nyumbani aliuliza kama mchuzi wa jana ulibaki. Ulibaki kidogo. Alikunywa, akautapika, akanipa bakuli nimtilie tena.

Lakini sikuwa na cha kumtilia kesho yake. Pesa ya kununua ndoana nyingine sikuwa nayo; nilijaribu kukunja sindano motoni, ikavunjika. Mwishowe nilimpigia shangazi yangu, anayekausha samaki ziwani Kalokol, akasema mzee aende kwake, watoto nibaki nao. Nilimtafutia nafasi kwenye lori.

"Kule utakula samaki kila siku, Baba," nilimwambia akiwa tayari ameketi juu ya magunia.

"Najua." Akaangalia kama kuna mtu anayesikia. "Watu wa Lokori wasiambiwe."

Shangazi hunipigia mara mojamoja. Anasema mzee anakula, lakini hubeba sahani yake akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mimi naendelea kufua nguo za watu. Mto wenyewe sasa ni mchanga, tunachimba ili tupate maji ya kunywa.