Mfuko wa Kadi Chini ya Kitanda

Mwaka ule nilikuwa mtu mkubwa Keshero, mtaa wetu wa Goma. Nilikuwa rais wa akina mama wa chama katika mtaa, na kila nilipopita sokoni wauza samaki wa Vitshumbi waliacha kubishana, wakaniamkia, "Mama Prezida." Nilikuwa na vitenge vitatu vya chama. Kimoja nilikishonesha kwa mikono mipana mno, hata milangoni nilipita ubavuubavu. Nichekeni tu, nimeshazoea.

Chama chetu kilikuwa na nafasi moja kwenye orodha ya wagombea wa mji, na watu wawili waliitaka. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa saruji, ambaye sisi wafuasi wake tulimwita Honorabule kabla hajapigiwa hata kura moja. Wa pili alikuwa mwalimu wa sekondari, viatu vyake vimeliwa na mawe ya volkano, mtu wa kujibu kila swali kwa maelezo marefu. Mchujo wa ndani ulipangwa hivi: Jumapili kila mmoja alete kadi za uchaguzi za watu wanaomtaka, na mwenye kadi nyingi ndiye. Zamani zilikubaliwa fotokopi, lakini mchujo uliotangulia kila upande ulileta fotokopi za marehemu na za watu waliokwisha kuhamia Kampala. Safari hii tukaambiwa kadi yenyewe, ile ngumu yenye picha.

Mtu wa mbali hawezi kuona uzito wa sharti hilo. Sisi hatuna kitambulisho kingine. Kadi ya uchaguzi ndiyo unayoonyesha benki, ndiyo unayoonyesha ukipanda boti ya Bukavu, ndiyo unayompa askari barabarani anapotaka kujua wewe ni nani na umetoka upande upi. Kura unapiga siku moja, kisha miaka inapita. Siku zile nyingine zote bila kadi hiyo wewe si mtu. Watu wa Keshero walilijua hilo, wakaninyima kwa tabasamu. Wengine waliniambia kadi iko kwa mume, na mume yuko safarini. Mpaka Jumatano nilikuwa na kadi chache tu, zilizoenea kwenye mpira mmoja wa kufungia nywele.

Wazo la kambi lilikuwa langu. Ningependa kusema lilikuwa la Honorabule, lakini lilikuwa langu. Masisi ilikuwa imemwagika barabarani tena kwa sababu ya vita, na watu walikuwa wamejenga vibanda vya maturubai juu ya mawe meusi kule Munigi, wakisubiri kuandikishwa kwa ajili ya mgao. Nilimwambia Honorabule kwamba wakimbizi wana kadi na hawana kingine chochote. Alinitazama kwa heshima ambayo mume wangu hajawahi kunipa. Akaniahidi kwamba akipita, jina langu litaandikwa chini ya lake, kama msaidizi anayekalia kiti mwenyewe akipandishwa kuwa waziri. Kuanzia saa ile nilianza kutembea polepole, kama watu wenye viti.

Alhamisi tulipanda Munigi na gari la sabuni. Ilikuwa ile sabuni ndefu ya kufulia, tumeikata vipande kwa uzi. Ukitoa kadi unapokea kipande. Lakini kwanza waimbe. Nilikuwa nimetunga wimbo mwenyewe, wenye jina la Honorabule mara saba, na mvua ilipoanza nilisimama chini ya mwavuli wa chama nikawarudisha mwanzo, kwa sababu wale wa nyuma hawakuwa wakipiga makofi. Wanawake waliotembea siku tatu na watoto mgongoni wakapiga makofi. Honorabule aliwasalimia kwa mikono miwili, mmoja mmoja, kisha akaja nyuma ya gari akaniomba nimmiminie maji anawe. Alisema wananuka moshi. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, ili aone kwamba tuko pamoja.

Na mimi nilishawahi kulala chini ya turubai, mwaka ule volkano ilipokula nyumba yetu. Nakumbuka mama yangu akipokea maharage kutoka kwa mtu aliyekuwa akitazama saa yake. Nilijua vizuri kabisa jambo lile linavyouma. Kujua hakukunizuia.

Mstari ulikwenda haraka mpaka ukafika kwa mwanamke mmoja wa vilima vya Masisi, mrefu, mwenye kovu la moto kwenye kiganja. Alifungua pembe ya kitenge chake, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, na ndani yake kadi safi kuliko zote nilizopokea siku ile. Hakunipa. Aliniuliza itarudi lini. Nikamwambia Jumatatu asubuhi. Akaanza kunieleza kisa chake, na nyuma yake watu wakaanza kuguna.

Alikuwa na binti wa miaka kumi na minne. Siku ya kukimbia walipotezana: binti alimfuata shangazi yake, mama akafuata barabara. Mwezi mzima hakujua kama yu hai. Sasa dereva wa pikipiki alikuwa amemletea habari kwamba binti yuko salama ng'ambo ya Sake, na Jumanne, siku ya soko, shangazi atamleta mpaka kwenye bariyeri, kizuizi cha askari barabarani. Bariyeri ile ilikuwa na sheria yake, na kila mtu aliijua. Mtu mzima anapita kwa kadi yake. Mtoto, kwa kuwa hana kadi, anapita kwa kadi ya mzazi: askari anamwuliza mtoto jina la mama yake, anatazama kama ndilo lililoandikwa, anawaachia. Bila kadi ya mzazi, mtoto wa ng'ambo anarudishwa ng'ambo.

"Mama Prezida," alisema, "mardi, kama sina hii karte, mutoto wangu hatapita."

Nilimjibu kwamba Jumatatu huja kabla ya Jumanne, hata huko kwao Masisi. Watu wakacheka, na yeye pia akacheka kidogo, kwa adabu. Akanipa kadi. Nilisoma jina lake, nikatazama picha, nikaona kwamba siku alipopigwa picha ile alikuwa mwanamke mzuri. Kisha nikampa sabuni yake, na kwa kuwa alikuwa amenichelewesha, nikamchagulia kipande kilichovunjika pembe.

Jumapili tulimwaga kadi juu ya meza katika ukumbi wa baa moja. Lundo la mwalimu lilikuwa dogo. Letu lilikuwa likiteleza na kuanguka sakafuni, na wenzangu wakapiga vigelegele. Mwalimu hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba mjumbe wa chama atoke Kinshasa azikague kadi kabla ya matokeo kuandikwa. Mjumbe angekuja na ndege ya Jumatano. Ikaamuliwa kwamba mpaka siku hiyo kila upande ulinde kadi zake na isitoke hata moja. Honorabule alinikabidhi mfuko mbele ya watu wote. Nikaupeleka nyumbani, nikausukuma chini ya kitanda, nikatandika shuka refu lililofika chini.

Jumatatu yule mama alikuwa mlangoni kwangu kabla sijanywa chai. Alikuwa ametoka Munigi kwa miguu. Nikamwambia arudi mchana. Mchana nikamwambia kadi ziko kwa Honorabule. Alasiri nilimwambia kupitia dirishani kwamba nina wageni, na nyumbani nilikuwa peke yangu, nakula ndizi za kukaanga. Alikaa juu ya jiwe mbele ya ua wangu mpaka mvua ikamfukuza.

Jumanne alikuja saa kumi na mbili asubuhi. Safari hii hakusubiri nimkaribishe. Aliingia mpaka sebuleni, akapiga magoti kwenye sementi.

"Unipatiye ile yangu moja tu, mama. Mangaribi nitairudisha. Niko nalapa."

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Pale alipopiga magoti angeweza kuona pindo la shuka. Toka pale mpaka kitandani ni hatua nane; nimezipima baadaye, mara nyingi. Sikuogopa kwamba kadi moja ingetushindisha, maana lundo letu lilikuwa kubwa mno. Niliogopa kwamba nikimpa yeye, kabla ya adhuhuri kambi nzima itakuwa uani kwangu, na Honorabule atasema asiyeweza kulinda mfuko hawezi kulinda kiti. Na nilikuwa nimekasirika. Magoti yake yalinikasirisha, nilitamani kumpiga kofi. Nikamwambia hivi, neno kwa neno, na sijalisahau hata moja:

"Batu ya Masisi muko na haraka sana. Kama huyo mutoto alikala kule mwezi muzima, atakala tena siku mbili."

Alisimama, akapangusa magoti, akasema asante. Mpaka leo sijui alinishukuru kwa lipi.

Yaliyotokea Sake nilisimuliwa na yule dereva wa pikipiki, ambaye alimbeba bure. Walifika bariyeri kama saa tano. Kamba ilikuwa imevutwa kati ya mapipa mawili, na upande wa pili, mahali ambapo mngeweza kurushiana chungwa, alisimama binti na shangazi yake. Askari hakuwa mkali. Aliomba kadi tu. Mama akaeleza kwamba kadi yake iko kwa Mama Prezida wa Keshero, na askari akacheka, akamwita mwenzake aje asikie. Binti aliulizwa jina la mama yake, akalitaja lote bila kukosea. Askari akasema jina ni zuri, lakini yeye halioni limeandikwa wapi.

Wakabaki pale, mmoja huku, mmoja kule, wakiongea kwa kupaza sauti juu ya kelele za soko. Binti aliuliza kama Munigi kuna shule. Mama akasema iko, na haikuwepo. Akamrushia sabuni, ile yenye pembe iliyovunjika. Ilianguka karibu na buti la askari, naye akaisukuma kwa mguu mpaka kwa binti, akasema sabuni haihitaji kadi. Saa kumi soko likafungwa, na kila mmoja akaamriwa arudi alikotoka.

Jumatano asubuhi mizinga ililia upande wa Sake, nikasikia vikombe vyangu vikigongana kabatini. Vijiji vya ng'ambo ya bariyeri viliungua siku ile na kesho yake. Shangazi alionekana miezi mingi baadaye, peke yake, akisema walipoteana kwenye migomba. Binti hajaonekana.

Hiyohiyo Jumatano mjumbe alishuka kwenye ndege, mtu mnene mwenye miwani, akitaka amalize mapema aondoke kabla vita havijafika uwanjani. Alichukua kadi ya kwanza kutoka kwenye ule mfuko niliokabidhiwa. Hakutazama picha wala jina. Alitazama mstari wa chini, unaoonyesha mtu alijiandikisha wapi. "Masisi," akasema, akaiweka kushoto. Ya pili, Masisi. Ya tatu, Masisi. Alipofika kama ya ishirini alivua miwani, akauliza ni mpumbavu gani aliyekusanya kadi za Masisi kwa ajili ya kiti cha Goma, na mtu hupiga kura alikojiandikisha. Honorabule akanyoosha kidole kwangu.

Na mimi nilijua. Sikuwa mgeni wa kura. Nilijua mtu hupiga kura alikojiandikisha, na wote mezani pale tulijua. Tulikuwa tumetazama lundo tu. Kadi ya yule mama ilikuwa mkononi mwangu Alhamisi nikapata nafasi ya kuutazama uzuri wake, na chini ya picha Masisi imeandikwa kwa herufi kubwa. Kadi ile haikuwa na faida yoyote kwetu tangu dakika niliyoipokea. Ningeweza kumpa Jumanne, ningeweza kuichoma, lundo la Honorabule lisingebadilika.

Mwalimu alipata nafasi, na uchaguzi ulipofika akaanguka. Honorabule alihamia chama kingine. Mimi nilibaki na mfuko, maana hakuna aliyetaka hata kuugusa, na Alhamisi ileile, siku moja baada ya ukaguzi wa mjumbe, nikaubeba mwenyewe mpaka Munigi.

Niliita majina, watu wakaja kuchukua. Yeye alikuja wa mwisho. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, maneno mengi, na nilipomwona nikamnyooshea kadi tu. Aliipokea kadi, akaipangusa kwa kitenge, akairudisha kwenye mfuko wake mdogo wa plastiki na kuufunga kwenye pembe ileile. Kisha akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mulishinda?"

Nilitazama kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli. Nikamwambia hapana, tulishindwa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akanishika mkono kwa kile kiganja chenye kovu.

"Pole sana, Mama Prezida."

Nami nikasema asante.