Mke Wangu kwenye Mizani ya Magunia

Kuna mtu alizijua kilo za mke wangu kabla yangu, na jambo hilo liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Alikuwa mtunza ghala wa shamba la ngano nilikokuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, huku Hanang, enzi zile mashamba yalikuwa ya serikali na ngano ilianzia nyuma ya kota zetu mpaka macho yanapochoka. Kila Jumamosi asubuhi mke wangu alipanda juu ya mizani ya magunia, akasimama ameshikilia kanga yake, na yule bwana akasukuma kijichuma cha mizani kwa kidole kimoja, polepole, huku anatabasamu. Halafu akaandika kwenye daftari. Mimi mume niliambiwa jioni, tena nikiuliza.

Alinizidi miaka kama kumi hivi, na alikuwa amefiwa na mke. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, mikono safi. Yangu ilikuwa na grisi mpaka ndani ya kucha, hata Krismasi. Na kwa kuwa alinizidi umri, ilinibidi nimwamkie kila nikipita ghalani. Hebu fikiria: mtu unatamani kumtwanga ngumi ya pua, unainamisha kichwa unasema shikamoo mzee, naye anajibu marahaba fundi, mama watoto hajambo? Ala! Si umemwona jana?

Yote yalianzia kwenye damu. Daktari mgeni aliyekuja na wataalamu wa mradi alitupima wote, wafanyakazi na wake zetu, akapeleka vichupa mjini. Majibu yaliporudi aliniita mimi na mke wangu zahanati, mganga wetu wa pale akitafsiri. Alisema damu ya mama huyu ina mafuta mengi mno, yanaitwa kolesteroli, na yakizidi yanaganda kwenye mishipa mpaka moyo unakosa damu. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilivimba kichwa. Kwetu Dongobesh mke akinenepa ni sifa ya mume, na wangu sasa alikuwa na mafuta mpaka kwenye damu, tena mashine imethibitisha! Nilitamani nitoke nje niwatangazie waliopanga foleni.

Mke wangu hakufurahi. Aliuliza swali moja tu: "Daktari, ndiyo yaliyomuua mama yangu?"

Mama yake alianguka shambani jembe likiwa mkononi, hakuamka tena. Dada yake naye alianguka miaka michache baadaye akitoka kuchota maji, na hakuwa hata na mvi. Daktari alisema inawezekana. Alisema watu wengine hurithi mafuta hayo, wengine huyala, na njia ya kujua ni kujaribu kuyashusha kwa chakula na mazoezi halafu kupima tena. Yasiposhuka je? Daktari alijibu kwa kirefu, lakini mganga wetu sehemu hiyo hakuitafsiri, alikohoa tu. Mke wangu alikuwa amempakata binti yetu wa mwisho, ambaye alikuwa hata kuongea hajajua vizuri. Akasema atajaribu, kwa sababu ya huyu.

Kitu cha kwanza kukatazwa kilikuwa samli. Samli! Mama yangu aliitengeneza mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wake, akanipa kibuyu kila nilipokwenda Dongobesh, na nyumbani kwetu hakukuwa na mboga isiyotiwa samli ile. Mke wangu akaitenga. Akajinunulia kijisufuria chake, akawa anachemsha maharage na majani ya maboga kwa chumvi kidogo na vitunguu saumu vingi, na sisi anatupikia chetu kama kawaida. Nyama ya kondoo yenye mafuta aliitazama tu. Daktari alimpa na vidonge vya mafuta ya samaki, vya njano, vinavyopitisha mwanga, akasema hivyo ni vya kusaidia tu, kazi yenyewe ni chakula na miguu. Basi akaanza kutembea. Watoto wakishaenda shule, anamwacha yule mdogo kwa jirani, anafunga kilemba, anashika barabara ya pembeni ya ngano mpaka njiapanda ya Balangdalalu, anageuka. Kila siku, kasoro Jumapili.

Alitakiwa pia kupungua, na hapo ndipo ghala lilipoingia. Mizani ya zahanati ilikuwa ile ya kuning'iniza watoto. Watu wazima walipelekwa ghalani wakapimwe kwenye mizani ya ngano. Na si mizani tu. Daktari alisema ale pumba, na pumba zilikuwa kwa nani? Kwa mtunza ghala. Alimjazia debe, akamchagulia zile safi za kusagwa asubuhi. Wenzangu karakana walicheka mpaka wakashika mbavu: fundi, hata unga umekushinda, mama anakula chakula cha ng'ombe! Nikajifanya nacheka.

Sikuwa na ushahidi wowote. Mke wangu hakuwa mtu wa mambo hayo, nilijua, na kujua hakukunisaidia kitu. Nilivihesabu vidonge vyake kuona kama yule bwana amemwongezea vingine. Siku moja nilipita ghalani kwa kisingizio cha kutafuta mkanda wa mashine, nikamwamkia yule bwana, nikamsogelea karibu kabisa, nikamnusa. Nilikuwa natafuta kitunguu saumu cha mke wangu. Alinuka sabuni, basi. Hiyo nayo iliniudhi.

Siku iliyoniharibu kabisa ni Jumamosi moja aliporudi amembeba binti yetu mgongoni, uso unang'aa kama bibi harusi. "Kilo tatu, baba watoto! Zimetoka kilo tatu! Mzee amefurahi mpaka amepiga makofi, makuli wote wakapiga." Mzee amefurahi. Makuli wamepiga makofi. Nilisema ni vizuri, nikaenda nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Jumatatu nikamwambia atangulie matembezini, uji wake wa pumba nitaukoroga mimi. Mavuno yalikuwa yameisha, karakana haikuwa na haraka. Alinitazama kama ameona miujiza, maana mimi jikoni nilikuwa naingia kutafuta kiberiti tu. "Mungu akubariki," alisema. Akaondoka na kilemba chake. Nikafungua kibuyu cha mama, nikatia vijiko viwili vya samli kwenye uji, nikakoroga mpaka vikapotea. Vitunguu saumu, ambavyo alivitia hata kwenye uji, vilifunika harufu, na nyumba yenyewe ilinuka samli siku zote. Nilijiambia hivi: mizani ikigoma, atachoka, ataacha kwenda ghalani, na maisha yatarudi yalivyokuwa. Kuhusu mama yake na dada yake sikujiambia kitu. Siku za kawaida nilitia viwili, siku za hasira vitatu. Na alipoupokea uji ule, kila asubuhi, aliupokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Mizani ikagoma kweli. Kilo moja ikarudi, kisha mbili. Unafikiri aliacha? Thubutu! Aliongeza. Mtunza ghala akamshauri aje na Jumatano pia, ili wafuatilie kwa karibu. Kwa karibu! Kwa hiyo kwa mkono wangu mwenyewe na samli ya mama yangu mzazi, nilikuwa nimempa yule mwanamume siku ya pili ya wiki. Nikazidisha vijiko. Nilikuwa mjinga wa kupindukia, lakini mwenye wivu haoni ujinga wake, anaona tu kalamu mbili kwenye mfuko wa shati la mwenzake.

Daktari aliporudi akachukua damu tena. Majibu yalikuja, na mafuta hayakushuka. Yalikuwa yamepanda. Mganga alimwambia mke wangu apunguze vyakula vya mafuta, naye akajibu kwa upole kwamba hajaonja samli tangu siku ile. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Daktari akatikisa kichwa akisema basi hii itakuwa ya ukoo.

Mchana ule tulikaa nje ya kota tukimenya maharage. Alikuwa ametulia sana. Akasema, "Baba watoto, nikiondoka, usikae peke yako. Wewe hujui kukaa peke yako."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Alikokwenda mama. Nimefikiria yule mwalimu wa Hirbadaw, aliyefiwa na mume. Ana moyo na watoto. Huyu mdogo ameshamzoea kanisani, anakubali kubebwa naye." Akaendelea kumenya, maganda yakidondoka kwenye kanga. "Tena samli anajua kuitengeneza. Utakula unavyopenda."

Nilimtazama usoni nikitafuta wivu. Hata chembe! Mimi nilikuwa nimeshindwa kuvumilia mtu amsukumie kijichuma cha mizani, na yeye ananichagulia mke kama mtu anayechagua mbegu, aangalie tu ipi itaota vizuri. Maharage yakaniponyoka. Nikasema. Sikupanga kusema, yalitoka yenyewe: uji, kibuyu, vitunguu saumu, mtunza ghala, yote.

Alimaliza kumenya lile lililokuwa mkononi. Kisha akauliza, "Vijiko vingapi?"

"Viwili. Siku nyingine vitatu."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Akaweka ungo chini. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Badala yake akaanza kucheka, machozi yanamtoka, akamvuta binti yetu akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. "Kumbe si damu ya mama," akasema. "Kumbe si damu ya mama. Ni wewe!" Kisha kicheko kikaisha. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akakiweka miguuni pangu, na wiki mbili hakuniambia neno zaidi ya chakula tayari.

Uji akarudi kuukoroga mwenyewe. Mimi akanilazimisha kutembea naye mpaka njiapanda, nikihema kama trekta bovu, na Jumamosi kusimama kwenye ile mizani baada yake, yule bwana akizisoma kilo zangu kwa sauti makuli wakisikia. Hakumwambia mtu kilichotokea, hata huyo mtunza ghala. Ilichukua miezi, lakini damu ilipopimwa mara ya tatu mafuta yalikuwa yameshuka, na mganga akatafsiri kila neno.

Mashamba yale yalikwisha siku nyingi. Binti yule sasa ana watoto wake, na bibi yao bado anatembea kila asubuhi, mbele yangu. Magoti yake yanamsumbua, kwa hiyo chai nampelekea mimi. Anaipokea kwa mikono miwili, anasema asante baba, halafu anainusa ndipo anywe. Sijawahi kumwuliza kwa nini. Pumba za yule mzee alizila miaka yote ile, na hakuzinusa hata siku moja.