Maji ya Moto Kwenye Viti vya Madam Lulwa

Naitwa Sharifa, mzaliwa wa Muheza, na huu ni mwaka wangu wa saba hapa Doha. Shule sikupelekwa, kusoma nilijifundisha ukubwani, na ni Kiswahili tu. Nafanya kazi za ndani kwa Madam Lulwa, Al Wukair, kwenye nyumba mpya ambayo ukuta wake wa nyuma unatazamana na viwanja vitupu. Nimeogopa mengi katika miaka hiyo saba, lakini hakuna wiki iliyonishika kama wiki ya viti.

Madam Lulwa ni mwanamke kijana, ameolewa juzi tu. Hataki makochi manene yenye dhahabu kama ya mama yake. Alinunua vitu vya mbao tupu: miguu myembamba, mgongo uliopinda kidogo, hakuna nakshi, hakuna msumari unaoonekana. Mama yake alipokuja kuviona alivizunguka mara mbili, akauliza kama seremala alikimbia kabla ya kumaliza. Wesley, dereva wetu kutoka Eldoret, yeye alisema, "Mathe, hivi viti vina njaa. Vipe ugali."

Vya nje, kwenye baraza la bustani, ni vya mtiki. Mbao hiyo naijua, kwetu Muheza kuna msitu mzima wa mitiki. Vya ndani, sita, vilizunguka meza ya kulia, mbao yake ya kahawia iliyoiva kama tende. Umbo ni lile lile, ndani na nje. Na vyote vimewambwa kamba nyembamba ya rangi ya mchele pale pa kukalia.

"Vya ndani, ndani. Vya nje, nje," Madam aliniambia. Hakusema kwa nini. Kila kiti kilikuja na karatasi imefungwa mguuni, ina maandishi ya Kiingereza. Aliniambia nizikate, nikazikata, nikazitupa.

Nilivipenda viti hivyo, nisiseme uongo. Marehemu mama yangu alikuwa anawamba vitanda. Watu walimletea fremu tupu, matendegu na mifumbati, naye anakaa chini na kamba za usumba wa nazi mpaka kitanda kinakaza kama ngoma. Kwa hiyo nilipopitisha kitambaa kwenye zile kamba za Madam nilijiona niko na kitu cha kwetu. Hapo ndipo nilipopotea.

Ilikuwa Agosti. Madam na mumewe walikwenda Salalah kufuata mvua, warudi Alhamisi. Nyumbani tulibaki mimi, Wesley, na Rafiq wa bustani, mzee wa Kibangali mwenye masharubu meupe. Ijumaa nilipata ruhusa, nikaenda mtaa wa Najma kwa rafiki yangu Millicent, wanaishi wanawake wanane chumba kimoja. Nililala pale mchana kwa muda wa saa mbili, nikarudi na mkoba wangu. Nilipoingia niliuweka mkoba juu ya kiti cha kulia, mara moja tu, nivue viatu.

Jumanne asubuhi nafuta viti, nikamwona. Mdogo, bapa, rangi ya damu kavu, anatembea juu ya kamba nyeupe kana kwamba nyumba ni yake. Kunguni.

Asiyefanya kazi za ndani Ghuba hawezi kuelewa. Kunguni akionekana katika nyumba ya mtu, hakuna anayeuliza ametoka wapi. Ametoka kwa mfanyakazi. Na mimi Ijumaa nilikuwa Najma.

Tena mimi nilishasingiziwa. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Fereej Bin Mahmoud, kwenye ghorofa. Pete ya bibi ilipotea, wakanisimamisha katikati ya sebule, wakamwaga nguo zangu zote sakafuni, hata za ndani, mbele ya mume wake. Nilirudishwa ofisi ya wakala siku hiyo hiyo. Mwezi uliofuata nikasikia pete ilikutwa kwenye sanduku la vitu vya kuchezea vya mtoto. Hakuna aliyenipigia simu kuniambia pole.

Na kurudi nyumbani nirudi wapi? Nyumba niliyoiezeka kwa mikono yangu hii, mume wangu niliyekaa naye miaka kumi na tisa ameingiza mke mwingine. Watu wa ofisini walishaniambia, nikirudishwa mara ya pili hawanitafutii kazi tena, wananipandisha ndege. Nikamtazama yule mdudu nikaona ndege.

Nikamwua kwa ukucha. Lakini aliyekulia kitanda cha kamba anajua kwamba kunguni hawi mmoja. Dawa yake mama alinifundisha: unatoa kitanda juani, unamwagia maji yanayochemka kwenye kila fundo, unakiacha kikauke. Kunguni wanakufa na mayai yao, na kamba inakaza upya. Na Rafiq kila siku nilimwona anavipiga viti vya nje kwa mpira wa maji, na havijawahi kudhurika. Kamba ni ile ile, nikasema moyoni.

Nikachemsha sufuria kubwa mbili. Nikabeba kiti cha kwanza hadi uani nyuma ya jiko, cha pili, cha tatu. Nikamwaga polepole, kila fundo, kama mama.

Mwanzoni kamba iligeuka rangi, ikawa kama chai. Nikasema ni uchafu unatoka. Kisha ikaanza kuvimba. Nikaigusa, ikaniachia nyuzi kidoleni, laini, kama gazeti lililolowa. Nikavuta kidogo tu, ikajisokotoa yenyewe. Ndani yake hakuna uzi wala usumba. Ilikuwa karatasi. Kumbe ya ndani na ya nje zilifanana rangi tu. Watu wazima wamekaa wakasokota karatasi wakafanya kamba ya kukalia!

Nikaviacha juani, sikuwa na lingine. Jua la Doha mwezi wa nane halina utani. Kufika saa sita kamba zilikuwa zimekauka zikajivuta, na kiti cha pili kikalia, ta! Mbao ya mbele imepasuka kutoka kwenye mguu.

Wesley alikuja kutafuta maji ya kunywa akanikuta nimechuchumaa.

"Aki mathe! Umeua viti!"

"Punguza sauti."

"Nani atasikia? Wako Salalah wanapiga picha na ng'ombe." Akainua kile kilichopasuka, akakigeuza. "Hii ilifanya nini mpaka ukaipika?"

Nikamwambia kuhusu kunguni. Akaruka nyuma, akajikung'uta suruali.

"Na hiyo gari ulipanda Ijumaa ni yangu! Umeniletea wageni?"

"Wesley, usicheze. Nitafukuzwa."

Ni mtu wa mzaha lakini roho yake si mbaya. Akatazama upande wa bustani, Rafiq alikuwa ameinama anakata majani.

"Sikiza. Huyo mzee kila siku anamwaga maji kwa viti. Madam mwenyewe amemwona. Wewe usiseme kitu. Akiona, atajijibu mwenyewe."

"Unasema nimtwike Rafiq?"

"Sijasema umtwike. Nimesema unyamaze. Kunyamaza si dhambi, ama?"

Nilivifuta viti vile, nikavirudisha ndani; mezani sasa vitatu vizima na vitatu vilivyokufa. Jumatano sikula. Nikisikia gari barabarani nakimbilia dirishani. Nilikunja nguo zangu zote nikazipanga kitandani, nikasema wakija kuzimwaga wazikute zimekunjwa, angalau.

Alhamisi baada ya alasiri wakafika. Madam Lulwa aliingia anacheka, bado ana simu sikioni. Akafika mezani. Simu ikashuka.

Hakuniuliza mimi. Alitazama kupitia mlango wa kioo, na kule nje Rafiq alikuwa ameshika mpira, maji yanarukia viti vya baraza. Madam akafungua mlango kwa nguvu.

"Rafiq! Ta'al! Njoo hapa!"

Mzee akaja na mikono inachuruzika, ameinamisha kichwa. Madam akaanza. Kiarabu kingine sikukielewa, lakini kidole nilikielewa, kinatoka kwenye kiti kinakwenda usoni kwa Rafiq. Mzee alikuwa anasema, "No, Madam. No, Madam," hakujua hata ameulizwa nini. Wesley, amebeba masanduku, akanitolea macho: nyamaza.

Nikanyamaza. Nitasema ukweli, nilinyamaza muda mrefu. Nilikuwa najiambia yeye ni mwanamume, ataomba kazi kwingine. Halafu Madam akasema neno moja ninalolijua vizuri, "maktab," ofisini, na Rafiq akaweka mkono kifuani, akageuka kunitazama mimi. Hakunishuku. Alinitazama kuomba nimsaidie lugha.

"Madam," nikasema, "ni mimi."

Nikamweleza kwa Kiarabu changu kibovu: mdudu, maji ya moto, jua, kitanda cha mama yangu. Nilipotamka mdudu alirudi hatua mbili na kukusanya abaya yake magotini.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Niliogopa utasema mimi nimemleta."

"Wewe ndiye umemleta?"

Ningeweza kukataa. "Sijui, Madam," nikasema. "Ijumaa nilikuwa Najma."

Mumewe alitaka niondoke jioni ile ile. Madam akasema hapana, watu wa dawa ya wadudu waje kwanza kesho. Wakimkuta mdudu kwenye chumba changu, narudishwa ofisini. Viti hakuvitaja tena.

Ijumaa asubuhi wakaja wanaume wawili wenye glavu na tochi. Walianza kwangu. Niliambiwa nisimame mlangoni. Waligeuza godoro, wakapasua mshono wa pembeni kwa kisu, wakamulika nyufa za kitanda, wakafungua ule mkoba wa Najma na kuung'uta juu ya shuka nyeupe. Kila walipoinama nilihesabu pumzi. Madam alisimama nyuma yangu, nilikuwa nasikia bangili zake.

"Hapa safi," akasema yule mkubwa.

Nikaokota mkoba wangu. Wakaendelea, jiko, sebule, ngazi. Chumba cha wageni wakakaa sana. Halafu wakamwita Madam, na mimi nikamfuata kwa sababu hakuna aliyenizuia. Walikuwa wameinua kichwa cha kitanda. Nyuma yake weusi wa kunguni umetapakaa kama ukungu. Yule mtu akasema hawa wana zaidi ya mwezi. Mwezi wa saba dada yake Madam alitoka London na masanduku yake manne, akalala chumba hicho wiki mbili.

Madam Lulwa uso ulimgeuka. Alitazama kitanda, akanitazama mimi. Nilingoja neno. Neno la aina yoyote.

"Sharifa," akasema taratibu, "jambo hili mtu asilijue. Dada yangu anaposwa. Likitoka nje, nitajua limetoka kwa nani. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Madam."

"Yalla. Kapike."

Basi. Nikashuka ngazi, kazi ninayo, na hofu yangu nikashuka nayo kubwa kuliko niliyopanda nayo. Jana nilikuwa mtu aliyeharibu viti. Leo nilikuwa mtu anayejua. Bibi wa nyumba anaweza kusamehe kiti, lakini huyu kila akiniona atakumbuka nilichoona nyuma ya kile kitanda, na siku akichoka kukumbuka atatafuta pete ipotee.

Jikoni nikaosha mchele. Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Kule kwenye maegesho nikamsikia Wesley anaongea na simu, sauti juu, anacheka mpaka anakohoa. "Kunguni, bro! Kwa nyumba ya matajiri! Wacha nikuambie imetoka wapi..."

Sikuvaa hata viatu. Nilitoka mbio.