Waliokuwapo Kabla ya Waspania

Ami yangu, ndugu wa baba, aliamini kwamba mji huanza siku watu wake yeye wanaposhuka na masanduku yao. Kabla ya hapo hapana mji. Pana vichaka, na labda vibanda viwili vitatu vya wavuvi. Hivyo ndivyo alivyoihadithia Unguja kwa kila aliyepanda ngazi zetu za Tooting, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja wa Kampala. Zamani alikuwa karani mkubwa serikalini. Huku London alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, lakini ulimi wake haukupata kushuka kwenye kiti cha ukarani. Nilimdharau. Yeye alidhani namheshimu, nami nikamwacha adhani hivyo.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Mapinduzi yalipokuja, ami alikimbia nami, mama akabaki. Mama alikuwa mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliotenga nyumba za mawe na nyumba za udongo, walikokaa waliobeba hayo mawe. Baba alimuoa kwa kadhi, mbele ya mashahidi, lakini ukoo haukumkubali kuwa mke. Walimwita yule wa Ng'ambo, basi. Miaka kumi na minne nilingoja mmoja wao aseme mbele za watu kwamba yule ni mama yangu. Niliapa kwamba wasiposema wao, nitasema mimi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kusoma, nikitafuta cheti cha kuniingiza chuo cha ualimu. Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mrefu aliyefundisha huku akitazama dirishani, kana kwamba sisi wanafunzi tulikuwa mvua aliyongoja ikatike. Siku moja alisema kwamba mji wa Mexico ulianzishwa na Waspania, na kabla yao palikuwa na ziwa, matope na vibanda vichache. Nilicheka kwa sauti. Yeye na ami hawakupata kuonana, na wangeonana wangebishana hata juu ya namna ya kushika kikombe, lakini vibanda vyao vilikuwa vilevile. Akaniuliza kinachonichekesha ni nini. Nikamwambia nitamwandikia.

Nikamwandikia kurasa ishirini na mbili. Maktaba ya mtaani ilikuwa na vitabu vitatu juu ya habari ile, na vyote vitatu vilimkanusha. Palikuwa na mji, Tenochtitlan, umekaa juu ya kisiwa katikati ya ziwa, mkubwa kuliko miji mingi ya Waspania wenyewe. Wenyeji walitandaza udongo wa ziwani juu ya maji wakapata mashamba. Walijenga barabara pana za kuvukia ziwa na mfereji wa kuleta maji matamu, na soko lao liliwafanya askari wa Kispania wakodoe macho. Kisha askari hao hao wakauzingira mji, wakaubomoa nyumba kwa nyumba, wakachukua mawe ya mahekalu wakajengea makanisa. Mitaa ya katikati wakajigawia wao, na wenyeji wakasukumwa pembeni, ambako walitoka kila asubuhi kuja mjini kujenga na kufagia. Ziwa likakaushwa. Mji ukatanuka juu ya matope yake, ukala vijiji vyote vya jirani, na mpaka leo unadidimia. Mwaka uleule niliokuwa nikiandika, mafundi wa umeme walichimba barabara karibu na kanisa kuu wakakuta jiwe kubwa la duara lenye sanamu ya mungu wao wa kike. Lilikuwa pale chini siku zote, watu wakipita juu yake kwenda ofisini.

Mwalimu alinipa alama ya juu kuliko wote, akaandika pembeni kwamba nina hasira kidogo. Alikuwa mpole namna hiyo.

Nyumbani ami naye alikuwa na historia yake. Shajara ya ukoo, ule mti wa nasaba, ilipotea katika kukimbia, na alikuwa akiitunga upya nyuma ya karatasi ya kubandikia ukuta, baba juu ya baba mpaka Omani. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, maana mwandiko wangu wa darasani ulikuwa mzuri kuliko wake. Wanawake waliingia humo iwapo tu walikuwa na baba wa kutajwa. Tulipofika penye jina langu nikasita.

"Upande wa mama niandike nini, ami?"

"Acha wazi."

"Mama ana baba yake. Alikuwa seremala."

"Acha wazi, mwanangu. Watu watafahamu."

Nikaacha wazi. Nilijiambia kwamba karatasi ni karatasi, siku ya maneno itakuja.

Mwezi ule mama akaja, baada ya miaka ya kuhangaikia pasipoti. Alivaa sweta la kuazima juu ya kanga, na katika mkoba wake mlikuwa na halua aliyoibeba kutoka nyumbani. Ami alimkaribisha kwa maneno mazuri, kisha akamwonyesha jiko, na mama akakaa humo. Watoto wa ami waliozaliwa huku waliniuliza, "Who's that lady?" Nikawajibu bila kusita kwamba ni mama yangu. Nilijiona shujaa, kumbe nilikuwa nimewaambia watoto wa miaka sita na minane.

Jumapili moja baada ya adhuhuri wakaja watu wa posa. Walikuwa Waunguja wenzetu kutoka Kenton, watu wa kufu yetu kwa maneno ya ami, na kweli hata wao walipanga juu ya duka la Mhindi. Mzee wao alivaa saa mbili. Mwana wao, ambaye ndiye aliyekuwa akinitaka, alitazama soksi zake. Shajara ikakunjuliwa juu ya zulia, na wanaume wazima wakaitambalia kwa magoti wakitafuta mahali babu zao walipokutana. Halua ikaliwa. Ami akaeleza tena namna babu zetu walivyoikuta Unguja kichaka.

Kisha akataka kujisifu kwa ajili yangu. "Huyu binti amewashinda Waingereza darasani. Hebu waeleze, mwanangu, ule mji wako."

Nikawaeleza, na nilieleza vizuri. Nilisema juu ya wale waliokuwapo mwanzo, walivyotandaza mashamba juu ya maji, na walivyogeuzwa wafagiaji wa mji walioujenga wenyewe. Yule mzee alitikisa kichwa kwa uchungu.

"Hawana haya hawa Waspania," alisema. "Watu wamekaa zao na mji wao."

"Wanyang'anyi," ami akasema.

Niliuma mdomo nisicheke. Nilijiona niko juu yao wote mle chumbani. Hapo mama akaingia na sinia ya kahawa.

"Na huyu bibi ni nani?" mzee aliuliza.

"Huyu ndiye aliyemlea," ami alijibu, kwa wepesi kama anayetaja saa.

Mama alisimama na sinia, akanitazama. Hakuwa akiniomba kitu. Alikuwa akingoja tu, na watu wote walikuwa wakinitazama mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza. Yule kijana aliinua macho kutoka kwenye soksi zake. Nikapokea sinia, nikaanza kugawa vikombe.

"Naam," mama alisema. "Nimemlea." Akarudi jikoni.

Wageni walipoondoka, posa ikiwa imekubaliwa, nilimkuta anaosha vikombe. Nikashika kitambaa, nikasimama karibu naye.

"Umesema vyema habari za mji ule," alisema. "Nilikuwa nasikiliza mlangoni. Hao watu wa mwanzo, wana watoto mpaka leo?"

Nikamwambia wanao, mji umejaa watoto wao.

Akanipa kikombe nikikaushe. "Na hao watoto, wakiulizwa, husema nini?"

Hilo sikuwa nimeliandika.